Nilivyokalia Kiti cha Mwanzilishi wa Vinu Vitatu

Vinu Vitatu, Amerika
Jumatatu, asubuhi, baridi ya kukata masikio

Kwa dada yangu Mwanajuma,
nyumba ya nyuma ya msikiti, Mambrui

Dada,

Vaa miwani yako, keti, kisha uwaite majirani waje wasikie: kaka yako amefanywa meya wa mji wa Amerika. Nimekalishwa kwenye kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu babu zao walipozikwa. Polisi mwenye bastola amesimama kando yangu, na bendi imenipigia ngoma mpaka njiwa wakahama.

Haya, waambie majirani warudi makwao. Meya si mimi. Meya ni mama mmoja mfupi, mwembamba, anayetembea kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Lakini kiti nilikikalia kweli, na polisi alisimama kando yangu kweli, ingawa hakuja kunilinda. Unanijua, uongo wangu huwa na mguu mmoja wa kweli. Tulia nikusimulie.

Ila kwanza, marahaba. Najua ulipoifungua barua hii uliniamkia. Kama hukuniamkia, ikunje, toka nje, uingie upya. Mie ni mkubwa wako kwa miaka mitatu, na Amerika haijapunguza hata siku moja. U mzima? Goti lako limeacha kutabiri mvua? Na shemeji yangu, yule mtu wa maneno machache mchana na makoromo mengi usiku, bado anapumua? Huku sisi wazima, alhamdulillahi. Mie nimetiwa jino la bandia, jeupe kuliko wenzake, na nikicheka naonekana kama mtu aliyeazima tabasamu kwa jirani. Mkwe wangu Saidi yuko safarini na lori lake tangu Jumatano. Mjukuu wangu Maimuna amekuwa mkubwa. Kiingereza anakisema kwa pua, Kiswahili anakisema akitaka kitu. Na mwanangu Rukia, ambaye ndiye hasa sababu ya barua hii, mzima kuliko nilivyopata kumwona.

Uliniuliza kwenye simu huu ni mji gani mbona hujapata kuusikia. Usijilaumu, hata Waamerika hawajausikia. Jina lake ukiligeuza kwa lugha yetu ni Vinu Vitatu. Sasa naijua historia yake kuliko ninavyoijua ya Mambrui, kwa sababu ya Mambrui nilihadithiwa na babu akiwa na usingizi, na hii nimehadithiwa na mzee asiyelala.

Mzee mwenyewe anaitwa Wolta. Anaishi katika nyumba ya wazee anakofanya kazi Rukia. Usishtuke, huku wazee hukusanywa katika nyumba moja kubwa, wakapikiwa, wakaogeshwa, wakawashiwa televisheni. Mwaka wa kumi na moja huu Rukia anafanya kazi hiyo. Nilipokuja nikachoka kutazamana na kuta za nyumbani kwake, akaanza kunichukua asubuhi, nami nikajitafutia shughuli: nikapewa koleo nizoe theluji njiani wazee wasiteleze. Theluji nimekwisha kukueleza, ni kama kukuna nazi usiku kucha halafu isiliwe. Basi wewe unajua kazi yangu ya maisha. Mchimba visima huchota mchanga akautupa nyuma bila kutazama. Nikachota, nikatupa, nikachota, nikatupa. Kumbe nyuma yangu palikuwa na gari la daktari, nimelizika hata madirisha.

Dirisha likafunguliwa juu, mzee akatoa kichwa kama kobe, akanipigia kelele kwamba amewahi kuona wajinga wa mataifa yote wakipita mji huu lakini wa kuchimbia kisima ndani ya theluji ni mimi wa kwanza. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha hotelini, kile nilichookota Malindi nikiwachimbia Wazungu mabwawa ya kuogelea, nikamwambia nachimba kaburi lake, anionyeshe urefu wake. Akacheka hadi wauguzi wakamkimbilia wakidhani amepaliwa. Tangu siku hiyo hatuachani. Yeye hatembei, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na mimi ndiye ninayekisukuma, kwa hiyo lazima anisikilize.

Akanihadithia mji wake. Zamani palikuwa na mto, na wenyeji wa asili wa nchi waliokuwa wakija kuvua kila mwaka mpaka walipofukuzwa. Hapo Wolta hupita haraka, kama mtu apitaye mbele ya nyumba aliyokosana nayo. Kisha wakaja ndugu watatu na gari la kukokotwa na ng'ombe, wamepakia mawe ya kusagia. Wala hawakuwa wakija hapa. Walikuwa wakienda mbali zaidi, magharibi, walikosikia ardhi ni nyeusi kama lami. Walipofika mtoni gurudumu likavunjika. Wakalitengeneza, mto ukafurika. Mto ulipopungua, mmoja akaumwa na tumbo. Alipopona, wenziwe wameshapanda mahindi. Basi wakaona bora wajenge kinu. Mwaka wa pili wakagombana, kila mmoja akajenga chake, vinu vitatu mto mmoja, na wa juu akawa anaziba maji ili kuwakomesha wa chini. Nikamwambia Wolta, huo si mji, huo ni ukoo wetu.

Vinu vikaleta wakulima. Wakulima wakaleta duka, duka likaleta walevi, walevi wakaleta kanisa. Halafu ikaja habari ya reli. Reli ilikusudiwa kupita mji wa jirani, lakini watu wa hapa wakawaalika wapimaji wake karamuni, wakawashindilia kuku na vitumbua vyao vya matunda siku nne mfululizo, hata wapimaji wakaona uvivu kwenda kupima kwingine. Reli ikapita hapa. Mji wa jirani leo ni shamba la maharagwe. Kwa hiyo usiseme tena kwamba wapishi hawaandikwi katika historia.

Reli ikaleta Wajerumani, Wajerumani wakawacheka Waayalandi waliofuata, Waayalandi wakawacheka Wapolandi, kila mtu akiziba pua kwa mapishi ya mwenziwe. Wakajenga kiwanda cha viatu. Honi ya kiwanda ilikuwa ikilia alfajiri, majogoo wa mji mzima wakaacha kazi. Wolta alikata ngozi za viatu humo tangu hajaota ndevu. Mtaa wao mkubwa ulikuwa wa mbao, ukateketea kwa cheche za mwokaji mikate mmoja, wakaujenga upya kwa matofali, na majengo hayo yapo mpaka leo, mekundu kama mdomo wa mla tambuu.

Kisha wenye kiwanda wakakihamisha ng'ambo. Wolta akifika hapa huacha mzaha. Maduka yakapigwa mbao madirishani. Stesheni ikawa makazi ya njiwa. Vijana wakaenda miji mikubwa wakawa wanarudi kuzika tu. Nami nikamhadithia Gede, mji wa mawe, wenye misikiti na visima na vyoo vya ndani, ambao wenyewe waliuacha wakaenda zao, na mpaka leo wenye elimu hawajakubaliana kwa nini.

"Hakuna hata mmoja aliyebaki?" akaniuliza.

Nikamwambia wamebaki kima, na mkata tiketi.

Hakucheka. Akasema walikuwa wamekaribia sana kufika huko. Ndipo kikafunguliwa kiwanda cha kuchinja kuku nje ya mji, na watu wakaanza kuja tena: Wameksiko, Wakongo, Wasomali, na mwanangu Rukia na shanta lake moja. Sasa duka la viatu la zamani ni mkahawa wa Mmeksiko, na Mkongo anauza unga, dagaa na tui la kopo mahali palipokuwa benki. Shule iliyotaka kufungwa imeongezewa madarasa. Mji umeota nyama upya, dada, na wenyewe hawajui wacheke au wazibe pua.

Sasa sikiliza mambo ya utani, maana ndiyo yaliyoniponza. Nilimweleza Wolta jinsi mtani wetu wa Jilore alivyotufanyia kwenye maziko ya ami yetu. Unakumbuka, jeneza liko begani, yeye akashuka kaburini akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, tena si yule aliyechechemea. Wolta akataka kujua kama utani huo mtu huzaliwa nao au hupewa. Nikamwambia huzaliwa nao, lakini kwa kuwa mimi ni mtu mzima naweza kutunga. Tukapeana mikono, Mambrui na Vinu Vitatu kuwa watani tangu siku ile. Akaanza vizuri sana. Alisema Mambrui ni mzee mno hata mavumbi yake yamestaafu. Nami nikamwambia kwetu mji wa umri wa huu wake bado unanyonya.

Basi stesheni ile ya njiwa wameitengeneza ikawa jumba la kumbukumbu. Ndani kuna ukuta wa mbao nzuri, na juu ya ukuta yamechongwa majina ya nyumba za mji huu. Ukisoma kutoka juu unaona jinsi walivyokuja, Wajerumani, Waayalandi, Wapolandi, na babu yake Wolta katikati. Kisha unafika chini, na ukuta unakuwa mtupu, kana kwamba tangu kiwanda cha viatu kifungwe hakuna mtu aliyekuja hapa ila mvua. Rukia akaniambia siku moja, kwa sauti ya chini kama anayeungama, kwamba ameomba jina letu liandikwe. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa mji majina mapya husomwa uwanjani. Nikamwuliza ni la faida gani. Akasema, baba, nusu ya majina yale mie nimeyaogesha.

Wiki tatu kabla ya sherehe akaletewa barua. Nilimwona akiisoma akiwa amesimama, amevaa koti tayari kwenda kazini. Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la sukari. Chai yake ikapoa mezani.

"Si kitu, baba," akasema.

Wewe uliishi na marehemu mke wangu, unajua "si kitu" ya nyumba ile maana yake nini. Mama yake aliitamka mara mbili tu maishani mwake, na mara zote mbili nililala barazani. Rukia alipotoka nikaitoa barua nikaichambua neno kwa neno. Kamati inasikitika. Kanuni ni kwamba nyumba lazima iwe na vizazi vitatu wakazi wa mji. Yeye mkazi, mtoto mkazi, lakini baba yake ni mgeni tu aliyekuja kutembea.

Kwa hiyo kilichoharibu ni mimi. Dada, nilijihisi kama mwiba. Mtoto amekaa miaka kumi na mmoja akivisha wazee wa watu soksi, na kinachomzuia ni mzee wake mwenyewe. Sikumwambia Rukia kwamba nimesoma, na Wolta sikumwambia lolote. Mtani haombi, hutega.

Siku ikafika. Uwanja umepambwa, watoto wa shule wamevaa kofia za manyoya wanapuliza matarumbeta, na katikati ya jukwaa wameweka kiti cha yule ndugu mkubwa wa vinu. Ni kiti cha mbao nyeusi, kimezungushiwa kamba nyekundu. Hutolewa mara moja kwa mwaka, kikatazamwa, kikarudishwa. Nami nimevaa kanzu yangu ya Idi juu ya makoti mawili, kofia niliyoshonewa na wewe, na bakora mkononi. Nimemsukuma Wolta mpaka mbele, nikamfungia breki. Meya akasimama, akafungua karatasi ya majina mapya. Yalikuwa mawili, na yote mawili ni ya watu ambao nyumba zao zipo hapa tangu honi ya kiwanda.

Alipotaka kusoma, nikapanda jukwaani kwa utaratibu, nikainua kamba, nikapita, nikakaa.

Kiti chenyewe kigumu, sikufichi. Yule bwana alikuwa na makalio ya chuma.

Tarumbeta moja ikaendelea peke yake kidogo, ikanyamaza. Watu elfu na mmoja wakanitazama. Meya akatabasamu tabasamu la mtu aliyekanyaga kitu na hajui bado ni nini, akaniambia kwa upole kwamba viti vya wazee viko upande ule. Nikamwambia hiki kinanitosha. Polisi akaja, kijana mkubwa kama mlango wa ghala, akasimama kando yangu, akaniita bwana. Nami nikamwita mwanangu. Mama mmoja, sijui alielewa nini, akaniletea kipande cha keki ya boga. Nikaipokea, nikamwambia hii ni ya kukalia, si ya kuinukia.

Rukia alikuwa nyuma amemshika Maimuna mkono. Nilimwona anapasua watu kuja mbele, mtandio umemteleza, uso umemwiva.

"Baba, inuka. Wallahi nitakufa hapa kwa haya."

"Hufi. Mtani wangu yuko wapi?"

Wolta alikuwa pale pale nilipomfungia breki. Kwanza alikuwa ametoa macho kama wenzake. Halafu nikaona midomo yake inaanza kucheza. Akapunga mkono, akamwita meya, akamwambia neno sikioni, na meya akamtazama kama anayeangalia homa imepanda kiasi gani. Wolta akadai apewe kipaza sauti. Akapewa, maana huku mzee kwenye kiti cha magurudumu hanyimwi kitu mbele za watu. Akasema, "Mtu huyu ni mtani wangu." Neno akalisema kwa Kiswahili, mtani, vizuri kuliko watangazaji wengine wa redio. Akaeleza kwamba kwa desturi ya kwetu hainuki mpaka alipwe, na si ustaarabu kumburura. Kisha akaniuliza nataka nini.

Kiingereza changu kinatosha kutania, hakitoshi kudai. Nikamgeukia mwanangu, nikamwambia, waambie nataka jina lako ukutani.

Rukia akatazama chini. Kisha akawaambia kwamba baba yake amechoka, anaomba maji.

Maji yakaletwa haraka, nikanywa, maana si adabu kuyakataa. Halafu nikamwambia, "Rukia, mie sikusema maji."

Akauvuta mtandio kichwani. Mtoto yule kwa wenzake ni jasiri, atambeba mzee wa kilo mia kutoka kitandani bila kuguna, lakini kwa nafsi yake haombi hata kijiko. Wolta akaweka kipaza sauti mapajani, akamwambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayefungwa vifungo vya shati na mikono ya mtoto huyo kila asubuhi: "Sema alivyosema baba yako, Rukia. Anayelipa ni mimi."

Basi akasema. Hakupaza sauti, lakini alisema yote, na miaka yake akaitaja.

Meya, masikini, si mtu mbaya. Akaeleza kwamba kanuni ni kanuni, vizazi vitatu, na mimi ni mgeni. Nikamwambia Rukia awaulize wanamchukua mgeni kuwa nani. Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na mimi jembe nilipewa zamani: theluji yote ya mlango wa nyumba ya wazee, msimu huu na uliopita, nimeizoa mimi. Aliyekwisha kupewa jembe si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani aliyechoka. Daktari wa lile gari alikuwapo, akapiga makofi, sijui ya kunisifu au ya kusema ni kweli alizikwa.

Hapo nikaona wamelainika, nikatoa mwiba wa mwisho. Nikasema, na hawa ndugu watatu wa vinu, ambao jina lao liko juu kabisa ya ukuta wenu, baba yao alikuwa mkazi wa mtaa gani hapa? Babu yao alizikwa wapi? Si walikuja bila mzee, gurudumu likavunjika? Kwa kanuni hii yenu hata mwenye kiti ninachokalia haandikwi.

Rukia alipomaliza kutafsiri mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikaja mbele kama wimbi. Hata polisi akageuka apate kucheka mbali na bastola yake. Lakini Wolta hakucheka. Alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kanuni hiyo niliiandika mimi," akasema. "Mwaka kiwanda kilipofungwa. Niliogopa watu watakuja wachukue kilichobaki. Kumbe waliokuja ndio walionibakisha."

Dada, mimi sikujua. Wallahi sikujua. Nimemsukuma mzee yule mwaka mzima, ananihadithia mpaka ugonjwa wa tumbo wa mtu aliyekufa zamani, na hili hakunihadithia. Nilitaka kumtania nikakosa neno. Mimi, nikakosa neno. Weka alama siku hiyo.

Kamati ni watu watano, Wolta mmoja wao, na wote walikuwa pale mbele wamevaa maua kifuani. Meya akawauliza hapo hapo kama kanuni ifutwe. Wolta akainua mkono kwanza, akauacha juu mpaka wenziwe waone aibu. Watatu wakamfuata. Mwenye duka la maua hakuinua, na mpaka leo ananisalimia kwa jicho moja, nami namrudishia kwa mawili. Kisha meya akachukua kalamu, akaandika jina la tatu kwenye karatasi yake, akamwuliza Rukia linavyoandikwa, herufi kwa herufi. Akalisoma. Jina la nyumba yetu, Mwanajuma, mbele ya matarumbeta. Aliliharibu kidogo katikati, lakini lilikuwa letu.

Rukia alilia bila kujifuta. Maimuna akamwuliza nani amempiga.

Nikasema sasa nimelipwa, nikataka kuinuka kwa heshima zote. Miguu yote miwili imekufa ganzi. Ilibidi polisi anishike kwapani anisimamishe kama mtoto anayefundishwa dede, na bendi ikadhani hiyo ndiyo ishara, ikapiga. Ndiyo bendi niliyokuambia. Jioni Wolta akaniambia kwamba mwakani yeye atakuja Mambrui kwenye Maulidi, atalala katikati ya mlango wa msikiti hadi apewe sahani ya biriani. Nikamwambia ajaribu, kwetu tutamruka.

Uliniuliza narudi lini. Wachongaji watachonga kabla ya masika, nami nataka kuliona kwa macho yangu, nilipapase kwa kidole, kisha nitarudi niko hai, nije nizeekee karibu na mahamri yako. Lakini nitakuwa mtu wa miji miwili, kwa hiyo usinipe godoro lile jembamba.

Nisalimie shemeji, mwambie nimemtaja kwa wema, asisome barua hii mwenyewe. Msalimie mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifukuza darasani mara tatu, mwambie nimehutubu Amerika. Shangazi yetu wa Jilore, mwenye macho ya kuona mbali na masikio ya kusikia jirani, mwamkie kwa niaba yangu. Mpwa wangu fundi wa pikipiki wa Magarini, mwambie akome kumfundisha mwenzake kwa matusi. Na mama wa mbaazi pale kona, mwambie sijamsahau, kisha usimwambie zaidi.

Sasa lililobaki ni lako. Chini ya ukuta wa majina pana kabati la vioo. Kila nyumba iliyoandikwa huweka kitu kimoja kilichotoka ilikotoka. Kuna kikaango cha Wajerumani, kuna tasbihi ya Waayalandi, kuna kisu cha ngozi cha babu yake Wolta. Rukia alitaka kuweka picha ya ufuo aliyoinunua dukani. Nikamwambia picha za ufuo hata wasiotoka popote wanazo. Mimi nataka mbuzi ya mama, ile aliyokalia kukuna nazi mpaka ubao ukashika umbo lake.

Najua unaitumia kila siku. Najua utasema mbuzi za siku hizi hazikuni, zinakwaruza. Lakini kumbuka baba alipoikuta barua ya shemeji chini ya mkeka wako, akauliza ni ya nani, nami nikasema ni yangu, namwandikia msichana wa Magarini. Nilikula bakora sita kwa mapenzi ambayo hayakuwa yangu, na shemeji mwenyewe huyo anayekoroma. Tangu hapo unanipa shukrani tu, fadhila hujanirudishia. Hii ndiyo. Binamu yake Saidi anasafiri kuja huku mwezi ujao, atapita kwako kuichukua.

Na usiisugue, dada. Iache na machicha yake kwenye meno.

Kaka yako,
mla bakora zako,
Omari